Kaye ya mshabiki: namna ya kuipima ekipe yako kabla msimu haujaanza

Ligi ikikaribia, Lubumbashi haina habari nyingine. Watu wa Mazembe wanahesabu mataji ambayo hayajachezewa, wa Lupopo wanaapa kwamba zamu hii ni ya njano na buluu, na kila kartie ina mtu aliyeambiwa na mtu kwamba mshambuliaji fulani ameshuka uwanja wa ndege wa Luano usiku. Tumaini hilo ni halali, na hofu inayolifuata nyuma ni halali vilevile. Kinachokosekana ni hesabu. Mshabiki asiye na hesabu anashangilia mpaka mechi ya tatu, kisha anataka antrenere afukuzwe, wakati dalili zote zilikuwa wazi tangu mazoezi.

Tafuta kaye moja, biki mbili za rangi tofauti, na saa mbili tulivu. Biki moja ni ya mambo uliyoyahakikisha, nyingine ni ya mambo uliyoyasikia. Usizichanganye hata siku moja.

Ukurasa wa kwanza: dakika zilizobaki

Mechi moja ina wachezaji 11 kwa dakika 90, yaani dakika 990 kwa ekipe moja. Kama ekipe yako ilicheza mechi 22 msimu uliopita, dakika zote ni 21,780. Unachotaka kujua ni ngapi kati ya hizo zilichezwa na watu ambao bado wapo.

Takwimu kamili za dakika ni ngumu kuzipata kwenye ligi yetu, lakini orodha ya walioanza na walioingia huwekwa na klabu kila mechi. Hiyo inatosha. Mpe kila aliyeanza dakika 80, na kila aliyeingia dakika 22. Kwa mabadiliko matano hesabu inatimia: 11 mara 80 ni 880, 5 mara 22 ni 110, jumla 990. Kwa mchezaji mmoja mmoja utakosea kidogo, ila kwa kikosi kizima kosa linajifuta lenyewe.

Sasa piga mstari kwenye majina ya walioondoka na ujumlishe dakika zao. Tuseme ni 8,700. Hiyo ni asilimia 40 ya zote, kwa hiyo imebaki 60. Sisi tunasoma hivi: ikibaki zaidi ya asilimia 70, ekipe inajuana na unaweza kuidai pointi tangu mechi ya kwanza. Kati ya 50 na 70, ipe miezi miwili. Chini ya 50, hiyo ni ekipe mpya iliyovaa jezi ya zamani, na kuilinganisha na ile ya mwaka jana ni kuionea.

Usiishie kwenye jumla. Angalia uti wa mgongo: kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo anayecheza mbele yao. Nafasi moja ikichezwa na mtu mmoja mechi zote 22 ni dakika 1,980. Hesabu ni wangapi kati ya hao wanne wamebaki na walicheza angalau 1,300. Wakiwa watatu au wanne, lala usingizi. Akiwa mmoja, hata kama asilimia ya jumla inapendeza, mabao ya kijinga yatakuja, kwa sababu mabeki wasiojuana hupishana kwenye krosi na kuachiana mtu. Winga mpya anaweza kung'aa wiki ya kwanza. Beki wa kati mpya anahitaji kwanza kuijua sauti ya kipa wake.

Fanya hivyo hivyo kwa mabao. Mfungaji mwenye mabao 12 kati ya 36 akiondoka, theluthi moja imeondoka naye, na swali halihusu tu nani atavaa namba yake, bali mabao hayo 12 yatagawanywa kwa akina nani. Mshambuliaji Mbwana Samatta alifunga mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2015 ambayo Mazembe iliitwaa, kisha Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Mwaka huohuo Wydad ya Casablanca iliitoa Mazembe kabla ya makundi. Kuondoka kwake hakukuwa sababu pekee. Ila kumbuka pia kilichofuata: Mazembe ilishuka Kombe la Shirikisho na kulibeba. Pengo la mfungaji huchukua miezi kuzibika, na mara nyingi huzibwa na watu watatu.

Ukurasa wa pili: wanaokuja

Chora safu nne: tetesi, tangazo, leseni, uwanjani. Kila jina jipya linaanzia kushoto na kusogea kulia, na halisogei bila ushahidi. Picha ya mchezaji akiwa na skafu bado ni tetesi. Klabu yenyewe ikitangaza, ni tangazo. Jina likiwa kwenye orodha ya waliosajiliwa kwa Linafoot (ligi kuu yetu) au CAF (shirikisho la soka la Afrika), ni leseni. Akicheza mechi ya ushindani, ni uwanjani. Mashabiki wengi hujenga kikosi cha ndoto kwa majina yaliyokwama safu ya kwanza, ndiyo maana Oktoba inawauma.

Safu ya leseni ndiyo inayodharauliwa na ndiyo yenye hatari. Mwaka 2011, Mazembe ikiwa bingwa mtetezi wa Afrika, CAF iliiondoa mashindanoni kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, baada ya malalamiko ya Simba ya Tanzania. Karatasi ilifanya kilichowashinda wapinzani uwanjani. Kwa hiyo kwa kila mgeni jiulize mambo matatu. Anatoka nje ya nchi? Basi cheti cha uhamisho wa kimataifa lazima kiombwe kabla dirisha la usajili halijafungwa. Amekwisha kuchezea klabu ngapi msimu huu? Kanuni za FIFA zinaruhusu kusajiliwa na klabu tatu lakini kucheza mechi rasmi kwa mbili tu. Na klabu yako yenyewe, ina deni lililosababisha ifungiwe kusajili? FIFA huweka hadharani orodha ya klabu zilizofungiwa, na kuisoma kwenye telefone ni dakika tano.

Mechi za kirafiki: usiandike matokeo

Hapa ndipo watu wanapotea zaidi. Ekipe ya ligi kuu ikiipiga ekipe ya mtaani 6–0, umejifunza kwamba ina viatu. Ikifungwa 1–0 na mgeni kutoka Zambia baada ya wiki moja ya kukimbia milima, umejifunza kwamba miguu ni mizito. Antrenere akishabadilisha watu wanane dakika ya 60, acha kabisa kuhesabu mabao.

Andika haya badala yake, na uyaandike kwa dakika 30 za kwanza tu, maana ndizo anazocheza na kikosi anachokifikiria. Ekipe ikipoteza mpira, hesabu kimoyomoyo: inachukua sekunde ngapi kabla mtu wa kwanza hajamsogelea mwenye mpira? Mbili au tatu ni kazi iliyofundishwa. Sita ni watu wanaotazamana. Kipa akipata mpira, anautoa kwa nani, na beki anayepokea anageuka mbele au anaurudisha? Nani anapiga kona, na nani anabaki nyuma kona ikipigwa? Ikiwa anabaki mmoja, weka alama nyekundu, kwa sababu wapinzani wakali wa Afrika Kaskazini huishi kwa mipira hiyo.

Angalia pia nani hayupo. Mchezaji aliyekosa mechi tatu za kirafiki mfululizo bila tangazo la jeraha, mara nyingi yuko njiani kuondoka. Tangu mshambuliaji Fiston Mayele alipotoka Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2021, hakuna anayeshangaa tena mchezaji wetu akitafutwa Dar es Salaam.

Na benchi lisikupite. Kila ekipe ina nafasi moja ambayo haina mbadala wa kweli, mara nyingi beki wa kushoto au kipa wa pili. Itafute, iandike kwa herufi kubwa. Hofu yako halisi ya msimu iko hapo, hata kama kwenye nganda wote wanabishana kuhusu washambuliaji.

Kalenda

Chora wiki kuanzia Septemba hadi Mei. Weka kwanza tarehe za CAF kama ekipe yako inashiriki: raundi mbili za awali, kisha makundi, ambapo kila klabu inacheza mechi 6 na mbili za juu katika kila kundi la klabu nne zinaingia robo fainali. Weka mapumziko ya timu za taifa. Halafu weka ligi. Kila mahali penye mechi tatu ndani ya siku nane, piga duara. Duara lenye safari ya ndege katikati, piga mawili.

Ongeza hali ya hewa, ambayo wachache huikumbuka. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Kuanzia Novemba mvua inashika mpaka karibu Aprili. Nyasi za bandia za uwanja wa Mazembe kule Kamalondo zinavumilia, lakini viwanja vingine vinakuwa matope, na ekipe ya pasi fupi inageuzwa ekipe ya mipira mirefu bila kupenda. Kama mshambuliaji wako pekee ni mfupi, andika hilo sasa.

Soma muundo wa ligi kabla ya kuota ubingwa. Misimu ya 2023–24 na 2024–25 ilianza kwa makundi mawili, kisha zilizofuzu zikachuana kwenye hatua ya mwisho. Kwa muundo kama huo, kuongoza kundi Desemba kunapendeza ila hakutoi kombe. Ligi ya 2022–23 haikutoa bingwa kabisa. Na tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, ekipe za huko zinastahili tuulize zinacheza wapi na kwa hali gani, kabla ya kuhesabu pointi dhidi yao.

Kwenye mechi za mtoano, soma kama kanuni ya bao la ugenini inatumika, yaani jumla ya mabao ikilingana, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. Mwaka 2009, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilifungwa 2–1 na Heartland kule Nigeria, ikashinda 1–0 hapa, na lile bao moja la ugenini likaleta kombe. Mshabiki anayejua hilo hatalia kwa kushindwa 2–1 ugenini, na atahofia bao la kufungwa nyumbani hata kama tunaongoza.

Kuhusu fedha, fupi tu: gawa pesa za msimu kwa mechi za nyumbani, toa derbi na mechi za CAF pembeni kwa sababu bei yake hupanda, na usilipe jezi na tiketi mwezi mmoja. Jezi inaweza kungoja.

Ukurasa wa mwisho

Andika sentensi tatu, uweke tarehe. Ya kwanza: nitaridhika ikiwa nini? Kitu kinachopimika, kama kuingia hatua ya mwisho au kufungwa chini ya bao moja kwa mechi. Ya pili: ni nafasi ipi ikivunjika tutateseka? Ya tatu: ni kijana yupi nitamvumilia hata akikosea? Hii ya tatu ina uzito kuliko inavyoonekana. Mchezaji wa miaka 19 akizomewa na watu wake kwenye uwanja wa nyumbani hujificha nyuma ya beki na kuacha kuomba mpira, na ekipe inabaki na watu kumi.

Funga kaye. Usiifungue kabla ya mechi ya sita, na ikiwa mechi ya sita ni derbi ya Mazembe na Lupopo, ngoja ya saba. Siku hiyo rudia hesabu ya dakika kwa mechi zilizochezwa, uone antrenere anamwamini nani kweli. Majina ambayo bado yako safu ya tetesi, yafute.