Mtoto mwenye usonji akiamka usiku na mayowe: shika daftari kwanza

Mzazi akiniambia "mwanangu anaamka usiku anapiga mayowe", namuuliza: saa ngapi? Wengi hujibu "usiku wa manane". Siwalaumu, aliyekatiziwa usingizi mara nne, kwake saa zote ni usiku wa manane. Lakini nafanya kazi ya utengamao, yaani kuwasaidia kumudu shughuli za kila siku, na watoto wenye usonji hapa Dar es Salaam, na kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye bado hana maneno, saa ndiyo inayomsemea. Kabla hujanunua kitu wala kumpa dawa, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Usiku huohuo, punguza watu

Yowe moja na nyumba nzima imeamka: bibi anakuja na dua, shangazi na kikombe cha maji, baba anawasha taa kubwa. Abaki mtu mmoja. Washa taa ndogo, au tochi ya simu uielekeze ukutani. Hakikisha mtoto hawezi kuanguka wala kujigonga, kisha kaa chini kando yake. Akikufuata, mkumbatie mikono ikiwa imetulia. Kupapaswapapaswa kunawakera wengi wao. Akikusukuma, mwachie. Usimtikise, usimmwagie maji, usimuulize "una nini?". Chagua maneno mawili matatu, yawe yaleyale kila usiku: "Mama yupo. Lala."

Sina ugomvi na kisomo. Bibi asome, ila kwa sauti ya chini, akiwa mlangoni. Hirizi kama ipo shingoni ivuliwe usiku. Kamba kwenye shingo ya mtoto anayejigeuzageuza ni hatari, achilia mbali inavyomwasha.

Hatua ya 2: Daftari, siku 14

Daftari la shule linatosha. Litundike kwenye msumari pamoja na kalamu, maana kalamu ya kutafutwa saa 9 usiku haionekani. Andika saa aliyolala kweli (si saa uliyomlaza), saa ya yowe, limechukua dakika ngapi, kama alikutambua, mchana alilala kiasi gani, choo, homa, na lolote lililotokea nyumbani: umeme umekatika, wageni wamekuja, muziki wa jirani. Andika palepale. Ukingoja asubuhi utaandika hasira zako.

Hatua ya 3: Soma saa

Yowe linakuja saa moja hadi tatu baada ya kulala. Macho yako wazi, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anakutazama kama hakujui. Baada ya dakika chache analala fofofo, na asubuhi hana habari. Huko ni kuweweseka. Mtoto hajaamka: sehemu ya ubongo imetoka kwenye usingizi mzito, nyingine imebaki hukohuko. Ukimwamsha kwa nguvu unarefusha tu.

Yowe la kuelekea alfajiri, ameamka kweli, anakung'ang'ania na hataki kurudi kulala: mara nyingi hilo ni jinamizi, yaani ndoto ya kutisha. Huyo mbembeleze.

Kuna la kupeleka hospitali. Tukio linafanana kila mara, mwili unakakamaa, mikono au miguu inarukaruka kwa mpigo mmoja, macho yanakwenda upande mmoja, au linajirudia mara kadhaa usiku uleule. Rekodi kwa simu. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wenzao, na kinaweza kujitokeza usingizini. Wazee wa pwani huita degedege na kumsingizia ndege. Wewe mwonyeshe daktari video ya sekunde 30, itamweleza zaidi ya maneno ya nusu saa. Mtukutiko ukifika dakika 5, ni dharura, usingoje kukuche.

Na kuna yowe lisilofuata usingizi wa mtoto, linafuata nyumba. Mama mmoja wa Temeke alinijia na daftari nililolitazama mara tatu bila kuona kitu. Saa 8, saa 9 kasoro robo, saa 8 na nusu. Mtoto anaamka kweli, ameziba masikio. Usiku mwingine, kimya kabisa. Tukaandika siku za wiki pembeni: Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Mtaa wao una mgao wa maji, na siku hizo mbili maji hutoka usiku. Jirani anawasha pampu ajaze tangi. Mama alishaizoea, haisikii tena. Upande wa kichwani wa kitanda cha mtoto uliegemea ukuta wanaochangia na jirani. Nilimwomba jirani aiwashe mchana, nikaweka kiganja ukutani: ulikuwa unatetemeka. Tulihamishia kitanda upande wa pili, tukasogeza kabati la nguo kwenye ukuta ule, na jirani, Mungu ambariki, akakata kipande cha tairi akakiweka chini ya pampu. Ijumaa iliyofuata mtoto alilala hadi asubuhi.

Kwa hiyo tafuta pampu yako. Inaweza kuwa feni inayozimika umeme ukikatika, nailoni ya godoro inayolia akijigeuza, lebo ya fulana, au chandarua kinachomgusa uso. Chandarua usikitoe, kuna malaria. Kinyanyue na ukichomeke vizuri chini ya godoro.

Hatua ya 4: Mkague mwili

Mtoto asiyeweza kusema "sikio linauma" huitwa mkorofi. Daktari amwangalie masikio na meno, na muulize kuhusu choo kigumu, kiungulia kinachopanda akilala chali, na wale minyoo wadogo weupe wanaowasha njia ya haja kubwa usiku. Akikoroma na pumzi kukatika, sema. Kama ni mchaguzi wa chakula, omba apimwe akiba ya madini ya chuma. Yakipungua, miguu haitulii usiku.

Hatua ya 5: Analalia wapi, anaamkia wapi?

Watoto wengi hapa hulala mgongoni kwa mama, kwenye kanga, kisha wanahamishiwa kitandani. Sote huamka kidogo mara kadhaa usiku. Ukikuta kila kitu kiko kama ulivyokiacha, unalala tena bila kukumbuka. Huyu amelala mgongoni, anaamka kwenye godoro gizani. Hata wewe ulale sebuleni uamke jikoni, utapiga yowe.

Mlaze palepale atakapoamkia. Anza na kanga ileile, wewe ukiwa umekaa kando, kisha sogea mbali kidogo kila baada ya siku chache. Kuoga, nguo za kulala, mswaki, kanga, taa: mpangilio usibadilike, hata kwa wageni. Televisheni na simu zizimwe saa nzima kabla. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 1 hadi 2 apate saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wazazi huukata usingizi wa mchana wakidhani usiku utakuwa mzito. Mtoto aliyechoka kupita kiasi huweweseka zaidi.

Hatua ya 6: Mtangulie (kwa anayeweweseka tu)

Daftari likionyesha yowe huja karibu saa 4:30 kila usiku, saa 4:10 mguse bega mpaka ageuke au anung'unike, kisha mwache aendelee. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki tatu hivi, halafu acha uone. Yakirudi, rudia.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Dawa ya mafua inayosinzisha si ya kumlazia mtoto, na wapo inaowachangamsha badala ya kuwatuliza. Melatonini, homoni ya usingizi inayotolewa kama dawa, ina nafasi yake, mkononi mwa daktari aliyemwona mtoto. Blanketi zito? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014, kwa watoto wenye usonji wa miaka 5 hadi 16, haukuona likiwaongezea usingizi, na kwa mtoto mdogo linaweza kumziba pumzi. Pesa hiyo nunua taa ndogo ya kuchaji.

La mwisho ni zamu. Mmoja ashike hadi saa 8 usiku, mwingine aanzie hapo. Aliye nje ya zamu alale chumba kingine kama kipo, na asubuhi asiulize maswali. Asome daftari.