Doti za Bibi Zikifika Ughaibuni

Umerudi kutoka Tanga, na mama amekutilia begini doti za kanga za bibi, pengine na joho la babu lililokaa kashani Ngamiani tangu hujazaliwa. Usizifue usiku huohuo.

Tandika shuka kitandani, zikunjue juu yake taratibu. Pale kanga ilipokunjwa miaka yote nyuzi zimechoka. Ukiinyanyua kwa ncha itachanika, kwa hiyo inyanyue pamoja na shuka. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kibane kwenye pindo na kwenye jina, yale maneno ya kanga, kwa dakika chache. Kikishika rangi, maji yasiiguse kabisa, la sivyo maneno ya bibi yatakwenda na povu. Kisiposhika, iloweke kwa maji baridi na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha. Usikamue. Ianike kwa kuilaza juu ya taulo, kivulini. Kama uko London, maji yake yana chokaa nyingi, basi suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kutia kwenye pasi.

Joho ni habari nyingine. Tanga tulihangaika na ukungu: kasha likifungwa masika yote, nguo zinatoka zinanuka. Huko uliko adui ni nondo. Nondo hapendi sana pamba safi. Anafuata sufu, hariri na jasho. Tia joho kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, lisije likashika umande. Nafthalini achana nazo, harufu yake haitoki na si nzuri kwa pumzi.

Shangazi atakuambia ufukize udi. Fukiza unazovaa; za kuweka ziache, moshi una mafuta. Asmini pia usizikunjie ndani. Doti yangu moja ina madoa manne ya hudhurungi kwa ajili hiyo.

Mbao zikigusa nguo huifanya njano, kwa hiyo tandika kasha kwa marekani iliyofuliwa ikatoka wanga. (Kitambaa hicho kilipewa jina kwa kuletwa kutoka Marekani karne ya 19.) Kanga zizungushe kwenye bomba la karatasi lililovishwa marekani hiyohiyo, mbali na hita na dirisha. Na doti ambayo haijakatwa, usiikate.