Jinsi ya kusoma /=, ≤, %, ! na zingine bila kubabaika

Tuanze na /= juu iko kila mahali hapa Nairobi, kwa kibanda cha nyanya, kwa risiti ya hadiwea pale Kirinyaga Road, kwa hundi. Ukiona 1,500/= soma tu "elfu moja mia tano", hapo hakuna kitu ya kugawanya. Waingereza zamani walikuwa wanatenganisha shilingi na peni kwa mkwaju, 10/6 ni shilingi kumi na peni sita, na kama peni hakuna wanapiga kistari, 10/-. Huku kwetu ikazoeleka na vistari viwili. Na enyewe inasaidia, ukishafunga hesabu na /= mtu hawezi kukubandikia sifuri nyuma, kwa hivyo kwa hundi usiiruke.

Koma nayo kwetu inatenga maelfu, nukta inaleta desimali. Lakini karatasi ikitoka Ufaransa ama Ujerumani wanageuza, 2,5 kwao ni mbili na nusu, kwa hivyo uangalie sana kabla ulipie mzigo.

< na > zinasumbua watoto bure, mdomo mpana unaangalia ile kubwa, basi. Penye watu wazima huteleza ni hako kalaini ka chini ya ≤. Matatu ya watu 14 ukiandika abiria < 14 umemnyima makanga kiti kimoja, hiyo ni wasizidi 13. Unataka ≤ 14, yaani 14 ama chini.

Sasa %, hapa ndio pesa hupotelea. Ni "kwa kila mia", kwa hivyo VAT ya 16% juu ya 1,000/= ni 160/=, jumla 1,160/=. Ukitaka kurudi nyuma ujue bei bila VAT, watu wengi wanatoa 16% ya 1,160 wanapata 974.40, wanaanza kugombana na mwenye duka!! Hiyo asilimia ilipigwa juu ya elfu, sio juu ya 1,160. Gawanya kwa 1.16 utapata elfu yako.

Hizo mbili za mshangao nimeweka hapo juu ni hasira tu, lakini kwa hesabu 5! ni 5×4×3×2×1, jibu 120.

Kwa simu, nyota na reli za *334# ya M-Pesa ni za kufungua na kufunga hiyo code. Kwa Excel nyota ni kuzidisha, mkwaju ni kugawanya, ^ ni kipeo. Ile = mwanahisabati Robert Recorde aliileta 1557, mistari miwili sambamba kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo, lakini ukianza nayo kwa Excel inamaanisha "piga hesabu". Na kama unaandika namba za simu za chama na ile 0 ya mbele inapotea, tanguliza ritifaa, hivi '07, itakaa.