Kununua Kariakoo ukiwa Mwanza: pesa isitangulie mzigo

Manunuzi mengi ya mtandaoni hapa Mwanza yanakwenda hivi: umeona simu, viatu au blenda kwenye Instagram, muuzaji yuko Kariakoo, mzigo unapanda basi na wewe unaupokea Nyegezi au Nyamhongolo. Kuna zaidi ya kilomita 1,000 katikati, na utapeli mwingi unafanyika kabla basi halijaondoka Dar. Kwa hiyo somo hili linakaa zaidi kwenye malipo na risiti ya mzigo.

Hatua ya 1: Kagua ukurasa. Ingia kwenye ukurasa wa duka, bonyeza jina lake au nukta tatu za juu, fungua "Kuhusu akaunti hii". Kwa akaunti nyingi utaona mwezi na mwaka iliofunguliwa, nchi iliko, na imebadilisha jina mara ngapi. Duka linalojitangaza kuwa la miaka saba huku akaunti imebadilishwa jina mara nne, achana nalo; mara nyingi akaunti hiyo imeibwa au imenunuliwa ikiwa na wafuasi wake. Idadi ya wafuasi isikutishe wala isikutulize. Cha kutazama ni maoni: yakiwa yamefungwa kwenye kila picha, kuna wateja wanaolalamika na hawatakiwi kusomwa.

Hatua ya 2: Omba video ya bidhaa. Picha inaibwa popote. Mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya bidhaa, arekodi sekunde ishirini bila kukata. Mwenye mzigo anamaliza hilo ndani ya dakika tano. Asiye nao atakuambia stoo imefungwa.

Kama ni simu, kwenye video hiyo hiyo abonyeze *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo. Zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa aina na toleo la simu. Jibu likitaja simu tofauti na unayouziwa, acha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilianza kuzifungia simu bandia Juni 2016, hivyo unaweza kulipia kitu ambacho laini haitashika.

Hatua ya 3: Malipo. Njia iliyo salama kuliko zote ni ya kizamani: ndugu au rafiki aliyeko Dar aende dukani, akague, alipe, aupeleke mzigo kwenye basi mwenyewe. Mrudishie nauli ya daladala na umlipe muda wake. Ni ndogo kuliko hasara. Ya pili ni kulipa mzigo ukishafika. Wauzaji wengi hawaipendi kwa sababu wateja huingia mitini na mzigo ukabaki ofisini, na hapo wana haki. Ya tatu ni Lipa Namba ya duka.

Ukilipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri menyu inakuonyesha jina la mpokeaji. Simama hapo, lisome lote. Wauzaji wadogo waaminifu wanatumia majina yao binafsi, hilo si kosa, lakini lazima liwe jina alilokutajia kabla. Akikuambia "tuma kwa namba ya mdogo wangu, yangu imejaa", bonyeza kughairi. Na namba ya siri, au namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe, haitakiwi na muuzaji yeyote kwa sababu yoyote. Anayepokea pesa hahitaji siri ya anayetuma.

Hatua ya 4: Risiti ya basi. Muuzaji akishautuma atakupigia picha risiti ya ofisi ya mizigo. Ikuze kwenye skrini. Angalia tarehe: kalamu imepita juu ya kalamu? Jina lako na namba yako vimeandikwa kwa wino ule ule wa sehemu nyingine? Matapeli wanatumia risiti moja ya zamani kwa watu wengi, wanabadilisha mistari miwili tu. Kisha piga ofisi ya basi hilo, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe au kwa kufika stendi, siyo ile aliyokutumia yeye. Taja namba ya risiti, uliza mzigo umesajiliwa kwa jina la nani na umepanda gari gani. Thamani ya mzigo nayo iandikwe. Ukipotea, kilichoandikwa ndicho utakachodai.

Hatua ya 5: Fungua pale pale. Ukifika stendi usibebe boksi ukafungulie nyumbani. Anza kurekodi gundi ikiwa bado haijakatwa, onyesha jina lako, fungua mbele ya karani bila kusimamisha video. Usipofanya hivyo, muuzaji atasema umebadilisha wewe, na huna la kumjibu.

Maswali ya wanachama, kila moja na mahali lilikotoka

Buzuruga: Mkuu, muuzaji anataka nusu kwanza ndipo atume. Nikubali?

Jiulize atapoteza nini usipokwenda kuchukua: nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Mpe hiyo, basi. Bidhaa ya laki mbili ambayo nauli yake ni elfu kumi haina sababu ya kutangulizwa laki moja.

Kirumba: Mimi nauza dagaa Mwaloni. Mteja wa Dar ametuma ujumbe kuwa amelipa gunia tatu, anataka zipakiwe leo. Nitajuaje ni kweli?

Dada, usiusome ujumbe, soma salio. Ingia kwenye menyu mwenyewe, *150*00# kama ni M-Pesa, uangalie. Ujumbe halisi unatoka kwa jina la huduma. Wa bandia mara nyingi unatoka kwenye namba ya kawaida. Baadaye akipiga akidai amezidisha na umrudishie, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urejeshwe kwa utaratibu wao.

Nansio: Nimeshatuma pesa na jamaa ameniblok, haijafika nusu saa. Nifanyeje?

Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi, taja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, omba pesa izuiwe. Kama hajaitoa kwa wakala wala kuihamisha, kuna nafasi. Kila dakika inaipunguza. Kisha tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini pamoja na jina la akaunti, uende polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na bila RB ufuatiliaji hauendi mbali.

Nyakato: Tovuti ikiwa na alama ya kufuli ni salama?

Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hayasomwi njiani. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Tapeli naye analipata bure. Soma anwani herufi kwa herufi, hasa kipande cha mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://, maana hapo ndipo jina halisi la tovuti lilipo.