Unataka kopi ya picha ya Van Gogh kwa ukuta wako? Hivi ndio kuagiza hapa Nairobi bila kuuziwa printi

Mimi huchora kopi za picha maarufu kwa rangi ya mafuta, na meseji nyingi huja hivi: skrinshoti, afu "hii ni ngapi, naeza pata Ijumaa?" Ijumaa haiwezekani. Mtu akikwambia inawezekana jua anakuletea akriliki (rangi ya maji, si ya mafuta) ama printi. Pesa yako kwa hii kazi inaenda sana kwa muda wa kungoja rangi ikauke, kwa hivyo agiza ukijua hilo na mambo mengine yatakuwa rahisi.

Anza na kuchagua picha, na hapa ndio watu huharakisha sana. Tafuta kwanza saizi ya ile ya asili. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 tu, na ile ya msichana mwenye hereni ya lulu ya Johannes Vermeer ni kama 44.5 kwa 39, unaeza ibeba kwapani. Sasa mtu anataka hiyo ya Vermeer mita moja na nusu juu ya kochi. Itachorwa, lakini uso ukiukuza hivyo ile laini ya ngozi inapotea, unabaki na bango. Ukuta wako ni mkubwa? Chukua picha iliyozaliwa kubwa. Gustav Klimt, mchoraji wa Austria, alichora ile ya wapendanao wakibusiana sentimita 180 kwa 180, hiyo inajaza sebule yoyote ya Kileleshwa, ila uulize mapema kama dhahabu yake itakuwa zile karatasi nyembamba za dhahabu ama rangi ya dhahabu ya chupa, ju bei ni mbali kabisa na rangi ya chupa hukaa bapa taa ikiwa hafifu.

Ugumu pia si venye unadhani. Watu hufikiria Usiku wa Nyota wa Van Gogh ni rahisi ju inakaa kama mtoto ameichezea. Hapana. Zile mistari zinazunguka ziko na mwelekeo, na rangi ni nene, imeinuka juu ya kanvasi, na fundi akifuata umbo bila kufuata ule mkono utaona tu vermiseli ya bluu. Vermeer naye ni mchezo wa tabaka nyembamba. Ile lulu yenyewe ukiiangalia karibu ni miguso michache ya rangi nyeupe, moja nzito juu inayong'aa na nyingine hafifu chini inayoakisi kola, na haina hata ndoano ya kushikilia sikio. Msanii asiyejua hilo anakuchorea duara la kijivu lenye mstari kuzunguka, kama gololi. Ukitaka kujaribu mtu, muombe akuonyeshe lulu, jicho ama mkono aliowahi kuchora, picha ya karibu sana. Mandhari ya nyuma haikuambii kitu.

Skrinshoti haitoshi kuchorea. Enda kwa tovuti ya makumbusho yenyewe. Rijksmuseum ya Amsterdam inaacha watu wadaunlodi picha zake kubwa bure, na Metropolitan ya New York ilifungua zake 2017. Ukitafuta picha moja kwa gugo utapata rangi kumi tofauti, moja ya njano, moja ya bluu, kwa hivyo mkubaliane na fundi ni faili gani mnafuata, na uiangalie kwa skrini ya kompyuta, simu nyingi huongeza rangi chumvi.

Kuhusu sheria, kifupi tu. Kenya hakimiliki ya mchoro inaisha miaka 50 baada ya mwaka ambao msanii alikufa. Vermeer alikufa 1675, Van Gogh 1890, Klimt 1918, hao wako wazi. Lakini usiniletee kazi ya Michael Soi ama msanii mwingine aliye hai uniambie "fanya tu kama hii", huyo yuko hapa hapa Nairobi, enda ununue yake. Na kopi isiwekwe sahihi ya msanii wa kwanza ili ionekane ndio yenyewe. Fundi mwaminifu huandika nyuma ya kanvasi kwamba ni kopi, jina lake na mwaka. Hata Louvre, makumbusho ya Paris, inaruhusu watu kuchora ndani, lakini kopi lazima iwe saizi tofauti na ile ya asili.

Wa kuchora utampata wapi? Tembea. Pale Kilimani kuna kituo kinaitwa Kuona chenye studio za wasanii, Banana Hill kuna galari, na ukiingia studio unaona mtu akifanya kazi, unanusa rangi, unapiga stori. Si kila msanii anapenda kufanya kopi, wengine watakukatalia na wako sawa, uliza tu nani anafanya. Maasai Market utapata michoro mingi lakini hapo nunua unachokiona, usiagize.

Ukimpata, uliza hivi: ni mafuta ama akriliki? Akriliki si mbaya, inakauka haraka, lakini usilipe bei ya mafuta. Kuanza na akriliki chini afu mafuta juu pia ni sawa kabisa. Kinyume chake ndio shida, akriliki juu ya mafuta itabanduka. Uliza pia, mbao za ndani zinazovuta kanvasi zimekauka? Hapa kwetu saipresi mbichi ni nyingi, na ikikauka kwa nyumba yako inapinda, kona moja ya picha inainuka kutoka ukutani. Kuja na tepi, pima kona hadi kona zote mbili, vipimo vikilingana fremu iko skwea.

Malipo, wengi wetu hutaka nusu kwanza, M-Pesa, na hiyo ni haki ju kanvasi na rangi zinanunuliwa kabla. Lakini yote yaandikwe kwa WhatsApp: picha gani, saizi, mafuta, fremu iko ndani ya bei ama la, na lini. Afu omba picha za hatua, usingoje mwisho. Ya kwanza ni mchoro wa penseli, ama ule wa kugawa picha kwa miraba, kabla rangi haijaingia, hapo ndio uso unarekebishwa bure. Sura ikiwa imekosea hapo na ukanyamaza, usije kulia kwa rangi. Ya pili ni tabaka la kwanza, litakuwa bovu, la kahawia kahawia, usipige simu kwa wasiwasi. Ya tatu ni ikikaribia kuisha.

Sasa kungoja. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwa kamba, hakuna maji ya kuenda na upepo. Mafuta ya linsidi yaliyo ndani ya rangi yanavuta oksijeni polepole hadi yawe magumu. Tabaka jembamba linaeza shikika baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, na mwezi wa saba na ile baridi yetu, bado zaidi. Kahawia ya amba hukauka mbio, nyeupe ya titaniamu huchelewa. Tabaka za chini lazima ziwe na mafuta kidogo kuliko za juu, la sivyo ya juu inakauka mbele, ya chini bado inasonga, na unapata nyufa. Ndio maana ukisukuma fundi amalize haraka, unajiharibia mwenyewe.

Siku ya kuchukua, enda na tochi ya simu. Zima taa, mulika kutoka kando. Mchoro wa mkono, ule mguso wa brashi unafuata kitu kilichochorwa, shavu linazunguka, kitambaa kinashuka. Kuna printi zinapakwa jeli isiyo na rangi juu ili zikae na miguso, hizo miguso inapita tu ovyo, inakata pua na ukuta pamoja. Afu zum na kamera hadi mwisho: vitone vidogo vidogo vilivyopangwa, hiyo ni printa. Angalia pia ukingo uliokunjwa, wa mkono huwa mchafu mchafu.

Kubeba, usitumie boda. Kanvasi ya mita moja kwa Thika Road ni tanga, utajuta. Ikibidi kuviringishwa kwa bomba, rangi ikae upande wa nje, bomba liwe pana, na iwe imekauka kweli kweli. Nyumbani usiitundike karibu na jiko wala pale jua la jioni linapiga moja kwa moja, na usiifungie stoo pia, mafuta gizani hugeuka njano. Ukiirudisha kwa mwanga hiyo njano hupungua.

Vanishi ya kudumu, ule mpako angavu wa kulinda rangi, ni baada ya miezi sita hivi, zile nene za kina Van Gogh mwaka mzima. Watu wengi hawarudi, weka alamu kwa simu. Kabla ipakwe, bonyeza kucha polepole pale rangi ni nene zaidi, ikibonyea bado. Ikiwa ngumu, fundi atapitisha kitambaa chenye waiti spiriti kidogo kwa kona. Kikitoka na rangi, irudi ukutani ingoje.