Upepo umekata na Hobart unaiona: ufanyeje?

Ukitaja Sydney Hobart, zile mbio za boti za matanga kule Australia, watu wanawaza mawimbi ya mlango wa Bass tu, ile bahari kati ya bara na kisiwa cha Tasmania, na kweli yanatisha, ila zile mbio za maili 628 za baharini mara nyingi zinaamuliwa kule mwisho Tasmania, ukishapita mnara wa Iron Pot unaingia Mto Derwent, zimebaki maili kama 11, taa za mji unaziona kabisa, halafu upepo unakata puu. Usiku ndo balaa, mto unaweza kulala mpaka asubuhi. 2023 boti ya LawConnect iliipiku boti ya Andoo Comanche kwa sekunde 51 tu, humohumo mtoni, baada ya siku moja na masaa 19 baharini!

Sasa umekwama. Kwanza watu waache kutembeatembea, kila hatua inatikisa mlingoti na tanga linamwaga kale kaupepo lilikokashika. Wapeleke upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, wasogee na mbele kidogo, boti ilalie ubavu. Ikilala hivyo tanga linaning'inia lenyewe likapata umbo hata bila upepo, na tezi, yaani nyuma ya boti, ikiinuka haiburuti maji.

Kamba ya tanga la mbele kama ni nene na imeshiba maji itoe, funga nyembamba, maana uzito wake peke yake unalikunja tanga. Na jamani msikaze! Naona hili ndo kosa la wengi, tanga likipigapiga mtu anaona uchungu analivuta mpaka linakuwa kama ubao, hapo ndo umeliua. Legeza, juu ya tanga pafunguke kidogo. Usukani ushike kwa vidole viwili, ukiukata sana ni breki hiyo. Usilazimishe joshi, yaani kwenda kuukabili upepo, eti kwa sababu mstari wa kumalizia uko kule, elekea popote boti inapokubali kutembea, ikisimama kabisa kuiamsha ni kazi.

Mmoja awe macho kwenye maji tu, akitafuta pale yanapokuwa meusi yenye vikunyanzi, huo ndo upepo unakuja. Atazame pia moshi na bendera za nchi kavu, na boti za wenzenu zimelalia wapi.

Mkondo sasa. Chagua taa mbili za ufukweni, ubavuni mwako, moja nyuma ya nyingine, uzitazame dakika kadhaa. Zikiachana, ile ya karibu ikasogea upande wa mbele wa boti kuliko ile ya mbali, ujue unabebwa kurudishwa Storm Bay, ghuba iliyo nje ya mto, na kwenye kioo cha spidi, kinachopima mwendo ndani ya maji tu, utaona sifuri ukadhani umetulia. Sogea pembeni ambako mkondo ni mdogo, na kama haisaidii shusha nanga. Ndio, nanga, sheria inaruhusu, ilimradi uipandishe kabla ya kuendelea. Ishushe polepole upande ambao mpinzani haoni, mnyororo usilie, yeye aendelee kurudi nyuma akidhani mko sawa 😄

Injini ya kusukuma, kasia, kuitikisa boti makusudi, vyote marufuku. Sisi tuliokulia kwenye ngalawa mkono unawasha kutafuta upondo, hapo sahau kabisa.

Nusu ya watu wakalale, wengine wale kitu cha moto. Upepo ukigusa shavu usikurupuke, subiri tanga lijae, boti ianze kuteleza, ndo ukaze kidogokidogo, na waliolala waamshwe kwa kunong'onezwa, mtu asije akaruka kwa kishindo.