Kabla ya Kutoa Baiskeli: Mambo ya Kuzingatia Katika Barabara za Mombasa

Anayetoka Bamburi asubuhi kwenda mjini kwa baiskeli hupita katika Mombasa tatu kabla hajafika Marikiti. Kwanza barabara ya Malindi, matatu zikikimbizania abiria. Kisha Kongowea, ambako mikokoteni, bodaboda, magunia ya vitunguu na watu wote wamebanana mahali pamoja. Halafu daraja la Nyali, njia sita za magari na upepo wa bahari. Kila mahali pana hatari yake. Kwa hiyo kabla hata hujashika pampu, ipitie safari yako kichwani na ukate shauri mapema: hapa nitaendesha, hapa nitashuka nisukume, hapa nitazunguka kwa njia za ndani ya mitaa. Ukingoja mpaka trela liwe mgongoni, hutakuwa tena na nafasi ya kufikiri.

Nataja kushuka kwa sababu vijana wengi huona haya. Lakini mtu anayesukuma baiskeli ni mwenda kwa miguu kama wengine. Watu humpisha, na anavuka barabara penye kivuko bila kuulizwa. Mimi Kongowea hushuka kila siku. Nimepima: dakika ninazopoteza hazifiki tano. Feri ya Likoni nako ni kushuka tu, maana ile sahani ya chuma ya kupandia huwa imelowa maji ya chumvi na tairi nyembamba huteleza juu yake. Sukuma, kaa upande wa watu, usijichomeke katikati ya magari.

Sasa lile tunalobishania kila siku: kupanda kando, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mji umetandikwa kabro, yale matofali ya saruji, sehemu nyingi, na ukiiona kabro ile imenyooka, huku barabarani malori yananguruma, moyo unakwambia panda huku utasalimika. Nami niliamini hivyo kwa miaka. Siku moja nikishuka na kabro upande wa Nyali, mkono wa kulia wa barabara, yaani nikielekea yanakotoka magari, gari dogo likachomoza kwenye lango la duka. Nilikwenda chini pamoja na mkate niliobeba. Dereva alishuka akitetemeka, akaapa kwamba hakuniona. Nilimkasirikia, ila nilipokaa kuwaza nilijua hakusema uongo.

Hebu fikiria dereva yule anatazama wapi. Kwetu magari huenda kushoto. Anayetoka langoni ili aingie barabarani, magari ya kumgonga yatatoka kuliani kwake, basi macho yote yako kulia, anatafuta mwanya. Mimi nilikuwa natoka kushotoni kwake, juu ya njia ambayo yeye anatarajia mama na kikapu chake wakitembea taratibu. Mwenda kwa miguu hupiga kama mita moja na nusu kwa sekunde. Baiskeli, hata ya mzee, huenda mara tatu ya hapo. Kwa hiyo hata angegeuza shingo mara moja akaona njia i tupu, angekanyaga mafuta na mimi nimeshafika. Kando hukukinga na gari linalokuja nyuma, lakini hukuweka wazi kwa gari linalokata mbele yako, na mjini kila baada ya hatua chache pana lango, uchochoro, au kituo cha mafuta.

Basi ukilazimika kupita kando, na pako pahali ambapo mtu mwenye akili timamu atapita kando, fuata mwelekeo wa magari ya upande huo, nenda mwendo wa miguu, na kwenye kila lango shika breki mpaka uonane macho kwa macho na dereva. Pale si mahali pako, wewe ni mgeni. Mwenye meza ya viazi karai, mtoto wa madrasa, mtu asiyeona anayetafuta njia kwa fimbo, hao ndio wenyeji, na kengele haikupi haki ya kuwafukuza. Ijumaa watu wakitoka msikitini, shuka. Mji wa Kale hakuna hata kando ya kusema, kule Ndia Kuu kuta zimekaribiana na mtoto hutoka mlangoni mbio bila habari. Baiskeli iende kama inanyemelea.

Barabarani kwenyewe, kosa kubwa ni kujibana ukingoni kabisa. Ukingoni ndiko kuliko mchanga, vigae vya chupa na mitaro iliyoibwa mifuniko. Tena ukijibana, dereva huona nafasi inamtosha kupita bila kuhama, akakupitisha kioo sikioni. Kaa kushoto, ila acha kama mita moja toka ukingoni, uende mstari ulionyooka. Usiingie na kutoka katikati ya magari yaliyoegeshwa kama sindano ya cherehani. Mwendo unaoruhusiwa mijini nchini Kenya ni kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 14 kwa kila sekunde, na hapo dereva bado hajaondoa mguu kwenye mafuta. Unapotaka kukata kulia, tazama nyuma, nyosha mkono mapema, ndipo usogee. Mkono ulionyoshwa wakati umeshakata hausaidii kitu.

Matatu ina mlango kushoto. Ikisimama, hata mahali pasipo stej, usipite kati yake na ukingo, kwa kuwa makanga ataruka na abiria watamfuata bila kutazama. Ngoja nyuma, au pita kulia baada ya kuangalia. Tuktuk nazo zikiitwa na mteja husimama hapohapo. Usiifuate kwa karibu ukipoza uso na upepo wake.

Trela ni habari nyingine. Bandari ya Kilindini inalisha nchi hii na jirani zake, kwa hiyo Changamwe, Magongo na Makupa utakutana nayo tu. Dereva wake ameketi kulia, juu sana. Upande wake wa kushoto, kuanzia mlangoni kurudi nyuma, kuna sehemu pana ambayo hata vioo havimwonyeshi, na pale ndipo hasa mwendesha baiskeli hupenda kujipenyeza foleni ikisimama. Trela likikata kushoto, kichwa huenda mbele kwanza, halafu magurudumu ya nyuma huja yakiula ukingo. Aliyesimama pale hubanwa baina ya chuma na kabro. Kanuni yangu ni hii: nisipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, basi naye hanioni, nabaki nyuma. Na likikupita kwa kasi, shika usukani kwa mikono miwili. Upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta.

Baiskeli yenyewe haitaki maneno mengi. Breki zote mbili zishike. Isukume huku umebana breki ya mbele, gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Tairi ukilibonyeza kwa kidole gumba lisiingie. Cheni ipake mafuta mara kwa mara kuliko watu wa bara, maana hewa ya chumvi huila ndani ya majuma machache. Anayebeba mitungi ya maji au madafu kwenye keria aifunge kwa mpira mpaka isicheze, kwa kuwa mzigo ukihama kwenye kona unakwenda nao. Mtoto asipakiwe bila mahali pa kuweka miguu: kisigino kikiingia kwenye spoku jeraha lake huwa baya, na hospitali huwaona watoto hao mara nyingi. Vaa kofia ngumu, ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama ya mapambo. Kanzu ikunjwe ifungwe kiunoni, na dera au buibui vilevile. Nguo ikiingia kwenye cheni haitoki mpaka umeanguka.

Kuhusu giza watu wa Pwani tunajidanganya. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, likitangulia au kuchelewa kidogo kwa majira, na huku karibu na ikweta kiza hushuka kama pazia. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na reflekta, viwe vimekwisha fungwa toka nyumbani. Shati jeusi liache kabatini. Mwezi wa Ramadhani tahadhari iongezwe: ile nusu saa kabla ya adhana ya magharibi kila mtu anawahi futari, dereva ana njaa na kiu, na jua linampiga machoni. Mimi saa hiyo huwa nimeshafika nyumbani, au nangoja mahali mpaka barabara itulie, kwa sababu baada ya adhana utadhani mji umehama.

Tazama na upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, utarudi Bamburi ukipigana nayo usoni, jua nalo kali, beba maji. Kusi ikishika, ni safari ya kwenda mjini ndiyo nzito, na darajani hakuna nyumba wala mnazi wa kukukinga. Masika, hasa Mei, dimbwi lolote lichukulie kuwa ni shimo mpaka uhakikishe. Breki za mpira kwenye rimu iliyolowa huchelewa kushika. Anza kuzibana mapema.

Mwisho, uwe na simu yenye chaji. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ukigongwa, usimalizane na dereva barabarani kwa noti mbili tatu huku mwili bado una moto na huhisi maumivu. Mbavu husema usiku. Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kumfidia mtu wa nje aliyeumizwa, na mwendesha baiskeli yumo, lakini dai hilo halisogei bila kuripoti polisi na kupata abstrakti, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali, pamoja na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kabla ya yote hayo, piga picha namba ya gari. Simu ikiwa imepasuka, mwambie mtu yeyote aliye karibu aiandike, hata kwenye karatasi ya kufungia mahamri.